Usihesabu Madoa Peke Yake

Kila asubuhi mimi na mama tunakamua ng'ombe wetu huko Ludara. Mama anaosha kiwele kwa maji ya moto. Makopo tunayamwagia maji yanayochemka, kisha tunayafunika kwa kitambaa safi. Halafu tunapeleka maziwa soko la Koboko. Mama anaitwa Medina. Mimi ni Sadiya. Baba alikuwa askari. Alifariki, na sasa ng'ombe ndio wanaotulisha.

Mwaka 1974, wakati wa mvua, watoto wa mjini walianza kuhara. Bwana Kenyi, mkubwa wa soko, akasimama mbele yetu.

"Medina, funga. Hii maziwa yako iko naleta ugonjwa."

"Nani amesema?"

"Watu."

"Watu gani? Hawana majina?"

Nyuma ya Kenyi, Tahiru alikuwa anacheka. Yeye pia anauza maziwa. Makopo yake ni makubwa kuliko yetu, na askari wengi wananunua kwake.

Mama akakaa juu ya kopo. "Siendi. Pima maziwa yangu, pima na ya Tahiru. Kama yangu iko mbaya, nitamwaga mwenyewe, mbele ya kila mutu."

Basi akaitwa Rosa Kiden, anayefanya kazi ya maabara huko Arua. Alichukua maziwa kidogo kwetu na kidogo kwa Tahiru, akayaweka kwenye barafu, akaondoka. Kenyi akatukataza kuuza mpaka majibu yatoke. Mama alikuja sokoni vilevile, akakaa mahali pake bila maziwa.

"Nikibaki nyumbani, watasema nimekubali," aliniambia.

Rosa aliporudi, alikuwa na sahani mbili ndogo za kioo zenye vifuniko. Kenyi akazinyakua kabla Rosa hajamaliza kusalimia.

"Usifungue!" Rosa akasema. "Ndani kuna bakteria. Ni vidudu vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Kila doa jeupe hapo limetoka kwa kidudu kimoja, kikazaana mpaka kikaonekana."

Kenyi akainua sahani juu, akasoma majina na hesabu ya madoa iliyoandikwa kwenye vifuniko. "Ya Medina, madoa mia moja na arobaini! Ya Tahiru, sitini! Mumeona na macho yenu!"

"Mama Sadiya, rudi nyumbani!" watu wakapiga kelele.

"Sitini tu, wallahi," Tahiru akasema. "Maziwa yangu hata malaika anakunywa."

Mama hakuinuka. Mimi nilikuwa natazama ukingo wa sahani. Yetu iliandikwa 100. Ya Tahiru iliandikwa 10,000.

"Bwana Kenyi, hizi namba za pembeni ni za nini?"

"Wewe musichana, nyamaza. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba. Lakini sifuri nilizijua darasa la kwanza. Ya Tahiru iko na sifuri mingi."

Watu wakacheka. Rosa akamwomba Margarita, mama wa chai, vikombe na karkade kidogo, ile chai nyekundu ya maua.

"Maziwa yana vidudu vingi mno," Rosa akasema. "Ukiyaweka kwenye sahani hivihivi, madoa yanabanana, huwezi kuhesabu. Kwa hiyo tunayapunguza nguvu kwa maji safi yaliyochemshwa. Tazameni."

Akaweka kijiko kimoja cha karkade katika kikombe, akaongeza vijiko tisa vya maji. Rangi nyekundu ikafifia. "Hii imepunguzwa mara kumi." Akachota kijiko kimoja cha hiyo, akaongeza tena maji vijiko tisa. "Hii, mara mia." Akafanya tena. "Hii, mara elfu."

Kikombe cha mwisho kilikuwa karibu kama maji matupu.

"Karkade iko wapi?" mama akamwuliza Kenyi.

"Imeisha."

"Haijaisha," Rosa akasema. "Imetawanyika. Maziwa nayo niliyapunguza hivi, mara kumi, mia, elfu, mpaka elfu kumi. Kila mara niliweka mililita moja, kama matone ishirini, kwenye sahani yake. Nikaziacha kwenye joto siku mbili. Kisha nikatafuta sahani yenye madoa kati ya thelathini na mia tatu. Yakiwa machache zaidi, bahati inadanganya. Yakiwa mengi zaidi, yanabanana. Kwa Medina, sahani nzuri ilikuwa ya mara mia. Kwa Tahiru, hiyo ya mara mia ilijaa weupe mtupu kama uji. Ilinibidi nifike elfu kumi. Sasa zidisha madoa kwa namba ya pembeni."

Alinitazama mimi. Nikaokota kijiti, nikaandika chini:

140 × 100 = 14,000

60 × 10,000 = 600,000

"Mililita moja ya maziwa yetu ina vidudu elfu kumi na nne," nikasema. "Ya Tahiru, laki sita."

Watu wakasogea kuangalia hesabu.

"Tahiru," mama akauliza, "yule malaika wako amepona?"

Kenyi akakohoa. "Medina, unaweza kuuza," akasema polepole.

"Sauti, mukubwa! Uliposema nifunge, walisikia mpaka Oraba, kule mpakani."

Ikabidi aseme tena, kwa sauti.

"Lakini sikilizeni," Rosa akasema. "Hesabu hii haisemi ni kidudu gani kinaharisha. Hata maziwa ya Medina, yachemsheni mpaka yapande, ndipo mtoto anywe."

Mama alitaka kubisha, kisha akakubali. Tangu siku hiyo alimwambia kila mnunuzi, "Chemsha, hata kama unaniamini."

Tahiru akaja kwetu na makopo yake, mama amwonyeshe anavyoosha yetu. Chini ya midomo ya makopo kulikuwa na ukoko wa maziwa ya zamani.

"Sugua," mama akamwambia.

"Nimesugua."

"Sugua na mimi nione."

Alisugua mpaka jasho likamtoka, kisha tukamwaga maji yanayochemka.

Mvua zilipopungua, Rosa akapima tena. Wakati huo watoto wa mjini walikuwa wameacha kuhara. Safari hii sahani zote mbili ziliandikwa 100. Ya Tahiru ilikuwa na madoa tisini na tano. Yetu, mia moja na kumi.

"Soma, Sadiya!" Tahiru akapiga kelele. "Soma kwa sauti!"

Nikazidisha, nikasoma: "Tahiru, elfu tisa na mia tano. Sisi, elfu kumi na moja."

Watu wakamgeukia mama. Alitazama hesabu yangu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kosa. Akanyanyua makopo yake aende kuyasugua upya.

"Rosa," akasema, "usirudi Arua leo. Kesho utachukua maziwa yangu tena, ukayapime."