Aliyeitika Baada ya Kobe

Haya yalimkuta Mama Pacha, wifi wa jirani yetu. Nayasimulia kama jirani alivyonisimulia mimi, mlango ukiwa umefungwa na yeye akigeuka kila mara kuutazama.

Yeye na mumewe walikuwa vibarua wa kupanda miti kilimani. Kilima chenyewe zamani kilikuwa msitu, kikafyekwa, kikapandwa mikaratusi, na mikaratusi ikanywa maji yote mpaka chemchemi ikakauka. Sasa mikaratusi imeng'olewa, na watu wanarudisha miti ya asili: mivule, mikangazi na mingine ambayo hata msimamizi aliitaja kwa kubahatisha. Siku hiyo ilianza kama siku zote. Chai ya haraka, watoto shuleni, kisha kilima, na mume nyuma kabisa na kreti lake la miche.

Kazini walimwita Kobe. Hakuwa mvivu, alikuwa na mwendo wake tu, na mche alioupanda yeye haukufa. Mama Pacha alimtania kutwa kucha, lakini ole wake mtu mwingine aliyejaribu kumtania mbele yake. Alimpenda yule bwana, na hakuona haya kulisema.

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mzito, mtu hakuliona hata jembe lake. Kwa hiyo walipanda kwa kuitana. Vibarua husimama mstari mmoja, kila mtu na shimo lake. Anayeongoza huuliza, "Upo?" Wa pili huitika, "Nipo," wa tatu, "Nipo," mpaka wa mwisho, ndipo wote husogea pamoja kwenye mashimo yanayofuata. Mama Pacha ndiye aliyeongoza, kwa sababu sauti yake ilifika mbali. Kobe alikaa mwisho, ukingoni mwa korongo, ambako hakuna wa kumharakisha.

"Upo?"

Nipo, nipo, nipo, zikaenda zikififia ukunguni. Ya Kobe ikaja mwisho, nzito, ya kuvuta. Kisha ikaja nyingine.

"Nipo."

Ilikuwa sauti nyembamba, ya haraka. Mama Pacha akacheka. Aliijua michezo ya mumewe.

"Na wewe uliyeitika mwisho, unaonekana mchapakazi," akapaza sauti. "Chukua nafasi ya huyo Kobe wangu, amenichosha."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Shangazi yake, aliyekuwa kwenye shimo la pili, hakucheka. Alimsogelea, akamshika mkono.

"Mwanangu, baada ya Kobe hakuna shimo," akanong'ona. "Ni korongo tupu. Futa kauli yako."

Mama Pacha alitaka kusema huo ni utani tu. Badala yake aliita tena.

"Upo?"

Nipo. Nipo. Nipo. Mwisho wa mstari, pale pa Kobe, ikaitika ile sauti nyembamba. Ya Kobe ikaja baadaye, kutoka mbali.

"Niko huku."

"Huku wapi, baba?"

Akatupa jembe, akaufuata mstari akipapasa bega la kila mtu asipotee. Kila aliyeguswa alinong'ona "nipo" bila kuulizwa. Hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Mwishoni alimkuta mtu ameinama. Shati la Kobe. Kofia ya Kobe. Alikuwa akishindilia udongo kwenye mche, na alifanya haraka. Kobe hakuwahi kufanya haraka.

"Upo?" akamuuliza.

"Nipo," ikajibu ile sauti nyembamba.

Kisha akageuka. Uso ulikuwa wa mumewe. Akasafisha koo, akarudia, "Nipo," na safari hii sauti ilikuwa nzito kidogo. Akarudia tena. Sasa ilikuwa ya Kobe kabisa. Alikuwa akiijaribu, kama mtu anavyojaribu kiatu dukani.

Na chini, kwenye udongo ulioshindiliwa, ikaja sauti ya kuvuta aliyolala nayo miaka yote ya ndoa.

"Mama Pacha. Nimo."

Si nipo. Nimo.

Akaanguka magoti, akafukua. Akafukua kwa kucha. Mche ukang'oka. Alifukua mpaka watu walipomvuta, na shimoni hamkuwa na kitu ila udongo. Msimamizi aliurudisha mche kwa mikono yake mwenyewe, akigomba kwamba ukungu umemchanganya mama wa watu. Mumeo si huyu hapa?

Kweli, alikuwa pale, kila mtu alimwona. Alimfuta machozi mkewe kwa kiganja. Kilikuwa kikavu, hakina hata chembe ya udongo.

Tangu hapo Kobe akawa wa kwanza kuamka. Majirani wakamsifu, wakasema ameanza kujitambua. Mama Pacha alihamia chumba cha watoto na kuburuta kitanda mpaka mlangoni. Aliogopa usiku, aliogopa mchana, na zaidi aliogopa mapacha walipomwita yule mtu baba. Siku moja mezani alijikaza akamnong'oneza, "Toka kwenye nafasi ya mume wangu."

Aliendelea kutafuna taratibu.

"Si ulinipa mwenyewe?" akasema. "Tena mbele ya watu."

Msimu wa palizi walirudi kilimani. Mche ule wa ukingoni ulikuwa umeipita mingine yote, shina tayari nene kama paja. Mama Pacha alisubiri wenzake waende kunywa maji. Akaliegemea shina, akanong'ona, "Upo?" Akauliza tena na tena, akiwa ameshika shina kwa mikono miwili, na ndipo kidole chake kilipogusa kitu kigumu.

Kilikuwa kifungo cha shati. Hakikuwa kimekwama kwenye gome, kilikuwa kimeshonwa juu yake, na uzi ulikuwa mwekundu. Asubuhi ile ya ukungu uzi mweupe ulikuwa umemwishia, akamshonea mumewe kifungo cha juu kwa mwekundu, naye akanung'unika kwamba watu watamcheka. Aliutambua mshono wake, mpaka lile fundo la mwisho alilolikata kwa meno.

Shati lenyewe alikuwa amelifua jana yake. Lilikuwa nyumbani, kwenye kamba, na vifungo vyake vyote vipo, pamoja na kile chenye uzi mwekundu.