Mahari ya Filamu

Basi la Masumbwe liliondoka stendi ya Shinyanga na begi la Mbuke, mwenyewe akiwa bado anasubiri chenji ya maji ya kunywa. Alipogeuka, akaliona linakata kona. Hakupiga kelele. Alivua ndala, akakunja gauni lake la njano hadi magotini, akatoka mbio.

"Dada, panda!" alimwita kijana mwenye pikipiki, beringi mpya zimefungwa nyuma kwa mpira.

"Utanichelewesha!"

Kijana alicheka, akamfuata. Msongamano wa bajaji karibu na soko ulimnasa yeye, si Mbuke. Alipofika kituo cha mafuta, basi lilikuwa limesimama na Mbuke anavaa ndala zake.

"Wewe ni mtu au swala?"

"Mita mia nane, timu ya mkoa. Na wewe ni pikipiki au konokono?"

"Fundi wa karasha, Masumbwe. Naitwa Edson."

"Mimi Mbuke. Nakwenda hukohuko, tunapiga filamu."

"Kumbe unakimbia na kuigiza!"

"Nipe namba yako, niigize kwamba nitakupigia."

Jioni ile alipiga kweli.

Mapenzi yao yakakua kwenye simu. Karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ilipiga kelele kutwa, na Edson alilazimika kupaza sauti.

"Nimekukumbuka, mpenzi!"

"Nasikia mawe tu. Sema tena."

"NIMEKUKUMBUKA!"

"Nilisikia mara ya kwanza. Nilitaka na wenzako wasikie."

Wote wawili walikuwa Wasukuma wa Kishapu, na walijua siku moja ndugu za Edson wangeswaga ng'ombe wa mahari hadi Songwa, nyumbani kwa Mzee Charles, baba yake Mbuke. Edson alikuwa ameshazungumza na mjomba wake. Mbuke alitaka kuwa mke wa Edson, na hakuona haya kusema.

Kisha Deusdedit, mwongozaji wa filamu, akahitaji tukio la mahari. Hela ya kukodi mahali hakuwa nayo. Mbuke akatoa boma la baba yake, majirani wakaazimisha ng'ombe wao, na Mzee Bujiku, aliyezoea kusimamia mahari kijijini, akaombwa akae kikao na wazee wenzake.

"Fanyeni kama mnavyofanya siku zote," Deusdedit aliwaambia.

Wakafanya. Walibishana na Abel, mwigizaji aliyecheza bwana harusi, mpaka jasho likamtoka. Walimkataa mtamba mmoja mwenye jicho bovu, ikabidi aletwe mwingine. Mbuke alisimama mlangoni na kitenge cha zambarau, shanga shingoni, macho chini. Ng'ombe wakaingia zizini, Mzee Charles akatamka kwamba amewapokea, wanawake wakapiga vigelegele. Jioni mvua ilinyesha, watu wakajifungia ndani, na wenye ng'ombe wakaja kimya kimya kuchukua mali zao. Kwa mila, ng'ombe wakishapokewa mbele ya wazee, binti ameolewa, na Songwa nzima iliwaona wakiingia. Hakuna aliyewaona wakitoka.

Video iliyopigwa na jirani kwa simu ilifika Masumbwe kabla Mbuke hajanawa poda.

"Hongera, mke wa Abel," Edson alisema alipopigiwa.

"Edson! Ile ni filamu, mpenzi wangu."

"Mzee Bujiku ameanza kuigiza lini? Si ndiye aliyemwoza dada yangu?"

"Deusdedit aliwaomba tu wazee..."

"Ng'ombe waliingia, hawakuingia?"

"Waliingia."

"Baba yako alisema amepokea?"

"Alisema."

"Sasa nimtume mjomba akapose mke wa mtu?"

"Nataka uniamini mimi."

Simu ikakatwa.

Kwenye mashindano ya mkoa Mbuke alishika nafasi ya nne. Hakuwa amezoea kuona migongo ya wenzake. Nyumbani nako majirani walikuwa wakimwuliza baba yake habari za mkwe.

"Baba, ng'ombe warudishwe hadharani."

"Ng'wanone," mzee alisema, akimaanisha mwanangu, "kurudisha ng'ombe ni talaka. Utaitwa mwanamke aliyeachika."

"Sasa hivi naitwa mke wa mtu nisiyempenda. Kipi afadhali?"

Mzee Charles akakubali. Ng'ombe walewale wangeazimwa tena, waingizwe zizini, watolewe mbele ya watu. Mbuke hakumpigia Edson. Alimwandikia tu: "Jumamosi ng'ombe wanatoka. Kama unasubiri watoke kwanza, usije."

Jumamosi watu walijaa. Deusdedit alikuja bila kamera, kichwa chini. Abel alikuja na mkewe wa kweli, Nelly, aliyeuliza kila mara, "Hii talaka inaanza saa ngapi?"

Mzee Bujiku alikuwa ndiyo kwanza anasimama, pikipiki ikaingia. Walikuwa Edson na mjomba wake, shati jeupe la Edson limegeuka rangi kwa vumbi.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Umekuja kushuhudia?"

"Nimekuja kuposa."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Bujiku akaelekeza fimbo zizini.

"Kijana, hilo zizi huoni limejaa?"

"Naliona, baba."

"Ng'ombe wa mwenzio wamo ndani, nawe unaomba binti?"

"Aliniambia ni filamu, nikambishia. Ningengoja watoke, ningekuwa nimewaamini nyinyi wazee. Nimekuja kumwamini yeye."

Mjomba aliinamisha uso kwa aibu, lakini hakuondoka.

Mzee Charles akamgeukia bintiye. Siku hiyo Mbuke alivaa suruali yake ya mazoezi, uso hauna hata poda. "Jibu mwenyewe."

"Ulinikatia simu," Mbuke alimwambia Edson.

"Nilikukatia. Nisamehe."

"Nililia mpaka nikashindwa kukimbia."

"Nisamehe, Mbuke."

Alimtazama mpaka mjomba akakohoa.

"Nimekubali," alisema. "Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika tu. Nipo."

Mzee Charles akampa Edson fimbo. "Basi watoe hao kwanza. Wa kwako hatuwezi kuwapokea zizi likiwa na wageni."

Edson akaingia zizini na shati lake jeupe, Mbuke akafungua lango. Ng'ombe wakatoka mmoja mmoja juani, kila mtu akiwaona, na wanawake wakapiga vigelegele, bila kujua vizuri kama wanashangilia talaka au uchumba.