Aliyemjia Wajina Wake

Jua lilikuwa linazama Chechelesi, mtaa wa Isiolo, na Kagendo alikuwa anazipanga nguo za binti yake kikapuni. Zenyewe chache. Gauni mbili, sweta na blanketi. Lakini kila nguo aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Alikuwa amechoka. Uchovu wa kazi angeulalia ukaisha. Huu ulikuwa wa kutega sikio kila jioni ajue bunduki ni za askari au za shifta, waasi wa porini, kana kwamba risasi inajali. Gaceri, mwenye miaka sita, atasomea wapi? Atakua kweli? Mumewe Mbaabu, karani aliyepelekwa kazini Garba Tulla, alikuwa ameamua: mama yake mdogo atakuja kutoka Meru amchukue mtoto mpaka vita viishe. Kagendo hakuwahi kumwona mama huyo.

Hodi ilipigwa muda mfupi kabla ya kafyu, saa ya watu kufungiwa ndani.

Mlangoni alisimama bibi kizee aliyejifunika shuka jeusi. Hakuketi. Chai hakuigusa. Nyumba ikajaa harufu ya udongo mbichi, na Isiolo ilikuwa haijaona mvua mwaka mzima...

"Nimemjia wajina wangu," akanong'ona.

Kwao Meru, mtoto akipewa jina la mkubwa wa ukoo, mkubwa huyo ana haki naye. Gaceri alikuwa na jina la mama yake Mbaabu, aliyefariki kabla Kagendo hajaolewa. Kagendo akajiambia kwamba dada humshikia dada yake nafasi. Akili iliyochoka haiulizi mara mbili.

"Unanipa kwa roho moja?"

"Mchukue, mama. Heri awe kwako kuliko hapa."

"Mtaje jina."

"Nakupa Gaceri."

Bibi akamshika mtoto mkono, wakatoka. Gaceri hakulia wala hakugeuka, na hilo lilimuuma Kagendo kuliko kilio. Alikaa chini, akalia yeye. Alipofuta macho aliona kikapu bado kiko pale pale.

Hodi tena.

Safari hii alikuwa mama mnene, vumbi mpaka kwenye kope.

"Habari, mwanangu. Mimi ndio mama mdogo wa Mbaabu. Lori ilipata pancha huko njiani. Mtoto ako tayari?"

Kagendo alimsukuma kando, akatoka.

Kisha akakimbia, kafyu au si kafyu, na yule mama nyuma yake akihema. Walimkuta Gaceri nyumba zinapoishia, ameketi peke yake kwenye vumbi. Miguu yake ilikuwa na tope jekundu hadi magotini. Mabegani alikuwa na lile shuka jeusi.

Mama mdogo alilishika pindo, akaliachia haraka.

"Hili nilishona mimi," akasema polepole. "Tulimzika nalo dada yangu."

...

"Nyanya amenirudisha," Gaceri akasema. "Kwake kumejaa. Watu wanaingia kila siku, wengine hawana viatu. Amesema atanijia vita vikiisha, nafasi ikipatikana."

Kagendo akamkumbatia. "Hakuchukui mtu."

"Lakini mama, amesema ulishanipa."

Kagendo hakukubali tena mtoto atoke mikononi mwake. Mama mdogo alirudi Meru peke yake. Shuka walilichoma, na harufu ya udongo ikakaa nyumbani wiki nzima. Jumapili, kanisa zima liliposimama kuomba amani, Kagendo alisimama pamoja nao. Aliwaonea huruma wote waliokuwa wakifa huko porini, lakini amina ilikataa kutoka. Alijichukia kwa hilo. Hata hivyo, ilikataa.

Vita vikaendelea. Gaceri akaanza shule, akajua kusoma, akang'oka meno na kuota mengine.

Kisha mchana mmoja redio ikatangaza kwamba vita vimekwisha. Majirani walitoka nje wakipiga vigelegele. Kagendo aliacha sufuria motoni, akafunga mlango kwa komeo, akakimbilia chumbani.

Gaceri alikuwa ameketi kitandani, amevaa gauni la kanisani, viatu miguuni, mikono ameikunja mapajani kama msichana anayesubiri mwenyeji wake.