Nusu Giga Iliyopotea

Shemeji yangu alivuliwa kitambulisho cha kazi mbele ya ofisi nzima... na aliyemchongea ni mimi!

Msinitukane kwanza. Nisikilizeni.

Tulikuwa chumba cha seva, hospitalini. Seva ni moja, lakini ndani yake tumegawa mashine pepe tatu, yaani kama kompyuta tatu ndani ya moja, kila moja na memori yake. Moja aliisimamia shemeji. Yangu ilishika majibu ya maabara, giga nane.

Sasa hiyo mashine ilikuwa inazima ghafla! Madaktari wanakaa bila majibu, lawama zote kwangu. Bosi akaniambia, ikizima tena bila sababu, nitafute kazi kwingine.

Jumatatu nafika, shemeji ameshaiwasha upya. Nikahesabu memori.

Nusu giga haipo!

Nikafungua mipangilio. Kuna mstari mpya, kaandika shemeji. Mume wa dada yangu, aliyenitafutia hii kazi!

"Shem, umegusa mashine yangu?"

"Ndiyo. Ngoja nimalize hapa nikueleze."

"Umechota memori yangu ukaongezea ya kwako!"

"Nichote nini, shem? Nipe dakika kumi tu..."

Dakika kumi? Nilishapanda ngazi kwa bosi! Bosi naye siku hiyo aliamka vibaya, hakutaka maelezo. Shemeji akatoka na sweta yake mkononi, hata kunitazama hakunitazama.

Nikaufuta ule mstari, nikawasha upya. Giga nane kamili! Nikajiona kichwa.

Saa nane mchana, mashine ikazima.

"Sababu?" bosi akauliza.

Nikampigia shemeji.

"Shem... imezima tena."



"Ule mstari wangu upo?"

"Niliufuta."

Akashusha pumzi. "Basi hakuna kilichoandikwa."

"Kuandikwa nini?"

"Ile nusu giga niliitenga ndani ya mashine yako hiyo hiyo. Mle anakaa kerneli wa akiba, yaani kiini cha pili cha mfumo. Mashine ikifa, yeye anaamka na kuandika kilichoiua. Nilitaka bosi aone kwamba kosa si lako."

Jamani... nililia pale pale, kwenye kiti chake!

Nikaenda kwa bosi, nikasema yote, sikuficha kitu.

"Yeye arudi kesho," akasema. "Wewe usije."

Sina kinyongo, nimeyataka mwenyewe. Ila wewe unayesoma, kabla hujamchongea mtu, muulize, halafu kaa umsikilize. Mimi kuuliza niliuliza. Jibu ndilo sikulisubiri.