Nyumba Iliyorukwa

Uvumi ule Delfina aliusikia Jumatatu bombani, na tangu hapo haukumtoka kichwani. Mwanafunzi mwenzake, Jermania, alidai kuwa Bibi Zoila wa nyumba ya juu anakohoa damu.

"Wewe mpelekee tu sanduku," alimtania. "Utarudi na kifua chake."

Katika kijiji chao, milimani Ekuador, sanduku dogo lenye sanamu za Familia Takatifu huzunguka nyumba kwa nyumba. Hulala kwako usiku mmoja, kesho yake unalibeba hadi kwa jirani, mnasali pamoja na kujuliana hali. Delfina, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyepaswa mwezi huo kulitoa kwao na kulipeleka kwa Bibi Zoila, aliyeishi peke yake.

Jumanne alasiri alifika njia panda na sanduku kifuani. Hakuona moshi juu ya paa la bibi. Badala ya kwenda kutazama, alizidi kuogopa, akageuka na kulipeleka nyumba iliyofuata, kwa Mzee Segundo. Mama yake, Karmela, alipomuuliza hali ya bibi, alijibu kwamba hajambo, anawasalimu.

Alhamisi katekista, mwalimu wa dini wa kijiji, alimkuta Bibi Zoila sakafuni, nyonga imevunjika. Alikuwa ameanguka Jumatatu jioni, mara tu baada ya kutandika kitambaa cheupe mezani kwa ajili ya wageni wake wa kesho.

Delfina alipopata habari alimweleza mama yote, akilia. Mama hakumchapa. Alipika uji wa shayiri, wakaenda nao hospitali. Daktari aliwaambia kuwa kikohozi kile kilitokana na moshi wa kuni. Hakikuwa kifua kikuu. Lakini siku tatu bila maji zilikuwa zimemmaliza bibi wa watu.

"Bibi, nilikuruka," Delfina alisema. "Niliogopa."

"Nilijipa moyo, nikasema mtoto wa Karmela hawezi kukosa kuja," Bibi Zoila alijibu polepole. "Basi, yameisha, mjukuu wangu. Ila usimruke mwingine."

Jumapili alifariki.

Walipotoka makaburini, mama alimketisha Delfina ukingoni mwa barabara.

"Hata angekuwa na kifua kikuu, ungesimama mlangoni ukamwita, nasi tungempeleka zahanati. Dawa ipo. Na mimi nina kosa, nilitosheka na salamu za mdomo. Familia Takatifu ilipata pa kulala usiku ule, mwanangu. Bibi Zoila ndiye aliyekosa mtu. Tukisali bila kufika kwa jirani, tunajidanganya."

Mwezi uliofuata Delfina alibisha hodi kila nyumba, hata zile zisizokuwa za zamu yake.

Nanyi watoto, epukeni haya:

Usieneze habari ya ugonjwa wa mtu.
Usimkwepe mgonjwa, wala mzee aishiye peke yake.
Usiseme "hajambo" juu ya mtu ambaye hukumwona.
Usifiche hofu yako. Mwambie mkubwa aende nawe.
Usingoje kesho.