Vumbi la Paa Kuukuu

Seremala na mkewe walikuwa wakitarajia mtoto wao wa kwanza. Chumba chao kilivuja. Paa lake lilikuwa la zamani, la vigae vipana vya kijivu.

"Mwanangu hatalala ndani ya beseni," alisema seremala. Jumamosi asubuhi akapanda juu na nyundo.

Kigae cha kwanza kilipasuka. Vumbi likamwagika hadi mlangoni. Mkewe akachukua ufagio.

"Binti, usifagie! Toka humo! Na wewe, shuka!"

Alikuwa jirani yao, fundi paa mstaafu. Alikuja mbio, kisha akaegemea ukuta akihema.

"Kuna nini, mzee?" aliuliza seremala.

"Hiyo ni asbesto. Ina nyuzi ndogo mno, huzioni. Ukiivunja au kuikata, zinaruka. Ukizivuta, zinabaki mapafuni. Ugonjwa huja baada ya miaka mingi."

"Mbona vumbi la mbao nimelizoea?"

"Hili halizoeleki. Marehemu mke wangu hakupanda paa hata siku moja. Alikung'uta tu nguo zangu za kazi kabla ya kufua. Alipougua, yeye ndiye aliyekuwa akinibembeleza mimi."

Mke wa seremala alimshika mkono. "Basi tufanye nini, baba?"

"Fungeni chumba. Nguo hizo zilowesheni, mzivue, mzifunge kwenye mfuko. Muoge. Kisha tupige simu ofisi ya mazingira. Wana mafundi wenye kibali."

Mafundi wangefika baada ya wiki mbili.

"Wiki mbili! Mtoto atawatangulia," alilalamika seremala.

"Kwangu kuna chumba," alisema mzee. "Hameni leo."

Mafundi walikuja na barakoa maalumu na mavazi ya kufunika mwili mzima. Walinyunyizia vigae maji. Waling'oa misumari polepole, wakashusha vigae vizima vizima. Walivifunga kwa plastiki nzito, mara mbili, wakavipeleka kwenye jalala maalumu. Chumba walikisafisha kwa vitambaa vyenye maji. Baada ya kukipima hewa, wakaruhusu mabati mapya yapigwe.

Mtoto aliwasubiri. Alizaliwa siku tatu baadaye, msichana.

Walipomleta nyumbani, mama yake alimweka mikononi mwa mzee. Mzee akainamisha sikio kifuani pake, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anapumua vizuri," alisema.

Seremala alinyoosha mikono ampokee. Mzee akajifanya hakumwona.