Waya Uliozidi

Kila siku baada ya masomo, Joyceline alipitia dukani kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Duka lilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Lilikuwa dogo, limejaa roli za waya za kila rangi, hata mteja wa pili akiingia, wa kwanza ilibidi ajibane ukutani. Baba yake aliitwa Anselmi, lakini kwa kuwa ni mtu wa Kilimanjaro mwenye duka, mtaa mzima ulimwita Mangi, naye alikwisha kuzoea.

Joyceline alijua kupima waya tangu akiwa mdogo. Aliuvuta kutoka msumari mmoja hadi mwingine kwenye ukingo wa meza, akahesabu mita, na mwisho akaongeza shibiri moja. Hiyo ndiyo nyongeza. Hakuna mteja aliyetoka kwa Mangi bila nyongeza, na aliyesahauliwa aliidai bila haya.

"Mangi, mbona unanipunja? Nyongeza yangu iko wapi?"

"Mpe, Joyceline, kabla hajatuhamia hapa," baba alikuwa akisema, na wote wakacheka.

Alipoingia kidato cha kwanza, katika shule iliyo jirani na Msimbazi, Joyceline alijiunga na klabu ya redio. Klabu hiyo iliongozwa na Mwalimu Vitalis, mwalimu wa fizikia mwenye leseni ya kuzungumza hewani. Muhula huo walipata seti ya vipande vya redio ndogo ya kupokea na kurusha sauti, waiunge wenyewe. Nguvu yake haikufikia ya balbu ya chumbani. Hata hivyo, Mwalimu alisema ikiungwa sawasawa na kufungiwa antena ndefu, sauti zao zingefika Moshi. Huko kulikuwa na klabu ya shule nyingine, na walikuwa wameahidiana kutafutana hewani Jumamosi asubuhi.

Kazi ya kulehemu alipewa Kuruthumu, rafiki yake Joyceline, msichana mpole ambaye mkono wake hautetemeki. Aliyeyusha risasi tone kwa tone, akashikiza kila kipande mahali pake. Kwa kuwa kazi yake ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, wanaklabu walikubaliana kwamba yeye ndiye atakayezungumza kwanza. Tangu siku hiyo Kuruthumu alikuwa akitembea huku midomo inacheza, anajifunza salamu za kuwapa watu wa Moshi.

Joyceline alipewa kazi ya kuzungusha waya mwembamba wa shaba kwenye vipete vidogo vyekundu vya redio hiyo. Nani angeujua waya kuliko mtoto wa Mangi? Maelekezo yalitaja idadi ya mizunguko kwa kila kipete, naye akaifuata. Alipofika kwenye kipete cha mwisho, hesabu ilitimia na waya ukabaki. Joyceline akautazama, akaona ni hasara kuukata. Tena redio yenyewe ina nguvu kidogo, na Moshi ni mbali. Basi akaipa redio nyongeza yake, mizunguko kadhaa iliyobanana vizuri, akamkabidhi Kuruthumu kipete akakilehemu. Moyoni aliona ametenda wema.

Alhamisi mchana waliijaribu. Ilipowashwa, sauti za watu wa mbali zilisikika zikikoroma, na darasa likapiga makofi. Lakini Mwalimu Vitalis alipobonyeza kitufe cha kurusha, mshale wa mita ya kupimia nguvu ulitikisika kidogo tu, ukalala.

"Inapokea, ila hairushi," alisema. "Tutafute taratibu. Mara nyingi kwa wanaoanza, tatizo huwa kwenye kulehemu."

"Nilijua tu," alisema Godbless, mmoja wa wanaklabu. "Kazi kama hiyo tungempa mtu mwingine."

Kuruthumu akainamisha kichwa. Mwalimu akamkanya Godbless, kisha akaendelea kuuliza. "Na vipete? Joyceline, ulihesabu mizunguko?"

Hapo ndipo Joyceline aliposhtuka. Kwa namna Mwalimu alivyouliza, alielewa kwamba hesabu ile haikuwa ya kuchezewa. Lakini darasa zima lilikuwa linamtazama, mtoto wa Mangi, bingwa wa waya. Aibu ikamshika.

"Nilihesabu, Mwalimu. Ilitimia."

Hakudanganya kwa maneno, kwa kuwa kweli hesabu ilitimia. Kilichopita hesabu ndicho alichokimeza.

"Basi ni kwangu," alisema Kuruthumu kwa sauti ndogo. "Kesho nitarudia kulehemu vipande vyote. Na Jumamosi, Mwalimu, aongee Joyceline. Mimi sistahili."

Jioni hiyo dukani Joyceline alipima waya vibaya mara mbili, mpaka baba yake akamwambia apumzike.

"Unaumwa?"

"Hapana, Baba."

"Basi kuna kitu. Ukiwa tayari utaniambia."

Hakumwambia. Alikaa juu ya roli ya waya akimfikiria Kuruthumu, na kila alipomfikiria alijisikia vibaya zaidi. Kuzungumza hewani alikuwa anakutaka pia, lakini si kwa njia hiyo.

Ijumaa, kengele ya kutoka ilipolia, alimkuta Kuruthumu peke yake kwenye chumba cha klabu. Alikuwa anayeyusha risasi aliyoiweka mwenyewe, na kidole chake kimoja kilikuwa kimeungua. Kwenye kibao cha redio, njia moja nyembamba ya shaba ilikuwa imeanza kubanduka kwa kupashwa moto mara nyingi. Ikikatika hiyo, hakuna redio wala Moshi.

"Kuruthumu, acha," alisema Joyceline. "Kosa si lako. Kipete cha mwisho nilikizidishia waya."

Kuruthumu aliweka chuma cha moto kwenye kishikizo chake. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana, Mwalimu aliponiuliza."

"Na mimi nikasema uongee wewe."

"Ndiyo."

Machozi yalimlenga Kuruthumu. Kisha akainuka. "Twende ukamwambie Mwalimu. Kwa mdomo wako."

Joyceline alimweleza Mwalimu Vitalis kila kitu, hata habari ya nyongeza. Mwalimu alijitahidi asicheke, akashindwa kidogo.

"Mteja ukimzidishia anafurahi," alisema. "Lakini kipete hiki ni kama mlango. Idadi ya mizunguko ndiyo inayochagua mawimbi gani yapite. Ukiizidisha, unaifungia njia sauti yako mwenyewe."

Wakakitoa kipete, Joyceline akafungua waya uliozidi, wakahesabu wote watatu kwa sauti. Kuruthumu akakirudisha mahali pake, akaitengeneza na ile njia iliyobanduka. Kitufe kilipobonyezwa, mshale wa mita ulipanda ukasimama.

Jumamosi asubuhi antena ilikuwa imefungwa kutoka paa la darasa hadi mlingoti wa bendera. Mwalimu Vitalis alitaja jina la kituo chake, akaita Moshi, akasikiliza, akaita tena. Mara ikaja sauti ya msichana, nyembamba lakini safi. "Dar es Salaam, tunawasikia. Redio hiyo mmeinunua wapi?"

Mwalimu akampa Kuruthumu kipaza sauti. Salamu zote alizojifunza zilimpotea.

"Hatukuinunua, tumeiunga wenyewe," alisema. "Mimi nimelehemu. Waya amezungusha Joyceline."

Joyceline aligeukia dirishani ili wenzake wasimwone akilia.

Walipokuwa wanakunja antena, Mwalimu Vitalis aliwaita Joyceline na Kuruthumu, na Godbless pia.

"Kuzidisha waya ni kutojua, na kutojua kunarekebishwa," alisema. "Lakini Joyceline, ulipokaa kimya, mwenzako alijiona hafai kwa kazi aliyoifanya vizuri. Ukikosea, sema mapema, maana usiposema, kosa lako atalibeba mtu mwingine. Na wewe Godbless, usimhukumu mtu kabla hujapima."

Godbless alimwomba Kuruthumu radhi huku anaangalia viatu vyake. Joyceline naye akakiri kosa lake na kuomba radhi, safari hii mbele ya klabu nzima.

"Nimekusamehe," alisema Kuruthumu. "Ila redio ijayo, wewe utalehemu na mimi nitahesabu."